Moreli: kisu kwanza, kikaango baadaye

Shemeji yangu ni mtu wa haraka. Akiingia msituni asubuhi, jua halijapanda vizuri picha zimeshanifikia. Ya juzi ilionyesha uyoga umeshikwa kwa vidole viwili, kofia ya kahawia imejaa vishimo, na chini ya picha ameandika: "Shem, nimezipata moreli! Mfuko umejaa. Jioni tunakaanga."

Nikampigia simu papo hapo. "Hongera shem," nikamwambia, "lakini usikaange kitu bado. Kata kila moja kwa urefu, kuanzia kileleni mpaka mwisho wa shina, uzipange mezani ndani kukiwa juu, halafu unitumie picha nyingine."

Akataka kujua kwa nini kila moja, kwa nini isikatwe moja ikawawakilisha wenzake. Hilo ni swali zuri, na jibu lake ndilo nataka kuliandika hapa kwa kirefu. Watu wengi huniuliza "huu unaliwa?" wakitarajia ndiyo au hapana, kana kwamba jibu lote limo ndani ya uyoga wenyewe. Sehemu tu ya jibu imo humo. Nyingine imo kwenye udongo ulioutoa, nyingine kwenye umri wake, nyingine kwenye moto utakaoupika, na nyingine kwenye mwili wa atakayeula. Ukikosea moja ya hizo, moreli ya kweli kabisa inaweza kukulaza hospitali.

Tuanze na uyoga. Moreli ni kuvu wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Morchella. Uyoga mwingi tunaoujua una vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia, moreli haina. Kofia yake imesimama wima, imejaa vishimo visivyolingana vilivyozungukwa na kingo, kama sega la asali. Spora zake, yaani chembe za uzazi, hukaa ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana bila hadubini, kila kifuko spora nane, vimetandazwa ndani ya vile vishimo, na zikikomaa hurushwa hewani. Ukiona unga mweupe au wa rangi ya krimu chini ya moreli uliyoilaza usiku kucha juu ya karatasi nyeusi, ndizo hizo.

Waokotaji wengi huzigawa moreli mafungu mawili kwa macho: nyeusi, ambazo kingo zake huwa nyeusi kadiri zinavyokomaa, na za njano, ambazo kingo zake hubaki na rangi nyepesi. Chini ya mafungu hayo kuna spishi nyingi mno. Mwaka 2012 watafiti walichapisha mapitio ya moreli za Marekani na Kanada baada ya kusoma DNA zao, na wakatoa majina kwa spishi 14 mpya kwa mpigo mmoja. Baadhi yake huwezi kuzitenganisha kwa kuziangalia. Mpishi hana haja ya kuzitenganisha. Haja yake ni kujua kama alichoshika ni Morchella, na hapo kisu kinasaidia kuliko jina lolote.

Ukiipasua moreli ya kweli kwa urefu utaona uwazi mmoja tu, usiokatizwa, kuanzia ncha ya kofia mpaka chini ya shina. Hakuna pamba ndani, hakuna vyumba, hakuna nyama iliyojaa. Kuta ni nyembamba, zinavunjika kirahisi, na upande wa ndani ni mweupe wenye chembechembe. Kisha tazama ukingo wa chini wa kofia: kwenye moreli za kawaida umeungana na shina, au karibu sana na hapo, kiasi kwamba kofia na shina ni kitu kimoja. Kuna moreli ambazo kofia imeshikana na shina katikati tu na nusu ya chini inaning'inia huru (Morchella semilibera ya Ulaya na M. punctipes ya mashariki mwa Amerika Kaskazini). Hizo nazo ndani ni uwazi mtupu, na zinaliwa, lakini mtu anayeanza namshauri aziache mpaka macho yake yazoee, kwa sababu jirani yake wa karibu kwa sura ndiye nitakayemtaja sasa.

Kwenye picha ya pili ya shemeji moreli zilikuwa nyingi na nzuri, zimepasuliwa barabara. Pembeni kulikuwa na chache ambazo kofia yake haikugusana na shina mahali popote isipokuwa kileleni kabisa. Kofia imekaa juu ya shina na kushuka pande zote bila kushikwa. Vishimo vyake si vishimo hasa, ni mikunjo inayoteremka kutoka juu kwenda chini. Na shina, alipolipasua, lilikuwa limejaa nyuzi nyeupe laini. Hiyo ni Verpa bohemica. Hutoka wiki chache kabla ya moreli au pamoja nazo, mahali pale pale, na ndiyo maana inaingia mfukoni bila kualikwa. Ukiwa na hadubini utaitambua kwa uhakika: kifuko chake kina spora mbili kubwa tu badala ya nane.

"Lakini shem, nimesoma wapo wanaoila," akaniambia. Ni kweli wapo. Wapo pia walioumwa tumbo na kupoteza udhibiti wa misuli, hasa baada ya kula nyingi au kula siku mfululizo. Mimi siili na simpikii mtu. Alizitoa zote, na sasa anajua kwa nini kila uyoga hupita kwenye kisu: hakuna uyoga unaoweza kumdhamini mwenzake kwa sababu tu wametoka mfuko mmoja.

Uyoga mwingine, unaonitia hofu zaidi, ni Gyromitra. Kofia yake haina vishimo hata kidogo. Ina mikunjo minene iliyojipinda na kujifunga kama ubongo, mara nyingi rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ukiupasua utakuta vyumba na mikunjo ndani, au nyama, kutegemea spishi, lakini hutakuta ule uwazi mmoja safi wa moreli. Kwa mtu aliyeshika moreli halisi mkononi hata mara moja, viwili hivi havifanani. Tatizo ni kwamba anayeanza mara nyingi hajawahi kuishika moreli, ameiona kwenye simu tu, na anataka sana kuipata. Hamu hiyo hufanya macho yaone vishimo mahali palipo na mikunjo.

Gyromitra esculenta, ambayo jina lake la kisayansi lina maana ya kuliwa, ina kemikali iitwayo giromitrini. Ikipata joto, au ikifika tumboni, huvunjika na kutoa monomethilihidrazini, kimiminika ambacho wanaanga wamekitumia kama mafuta ya roketi. Huchemka kwenye nyuzijoto 87 hivi, yaani kabla ya maji, kwa hiyo sufuria ikichemka sumu inapanda na mvuke, na mpishi aliyeinamia sufuria katika jiko lisilo na hewa anaweza kudhurika kabla hajaonja. Finland uyoga huu huuzwa sokoni kihalali, ukiwa na onyo na maelekezo: uchemshwe mara mbili, kila mara si chini ya dakika tano, katika maji mengi, sehemu tatu za maji kwa sehemu moja ya uyoga, maji yamwagwe, uyoga usuuzwe vizuri kila baada ya kuchemshwa, na madirisha yawe wazi. Watoto na wajawazito wanashauriwa wasile kabisa. Ninaheshimu watu wenye ujuzi wa kizazi hadi kizazi juu ya chakula chao. Lakini mtu aliyejifunza moreli wiki iliyopita hana ujuzi huo, na kuchemsha hakuondoi sumu yote.

Watu wengine husema, "Niliula mwaka jana na sikuumwa." Hoja hii nimeisikia mara nyingi na naomba ieleweke kwa nini haina uzito. Kiasi cha sumu katika Gyromitra hubadilika kutoka uyoga mmoja hadi mwingine na kutoka eneo moja hadi jingine. Miili nayo hutofautiana kwa kasi ya kuiondoa. Na umbali kati ya kiasi kisichokufanya kitu na kiasi kinachokuangusha ni mfupi. Kwa hiyo mlo wa jana hausemi lolote kuhusu mlo wa leo. Dalili pia huchelewa, kawaida saa 6 hadi 12 baada ya kula: kutapika, kuhara, kichwa kuuma, na katika hali mbaya ini kuharibika na degedege. Mtu amekula jioni, amelala vizuri, anaamka usiku wa manane hajui aanzie wapi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ripoti ya kundi la wagonjwa 14 wa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, katika kijiji cha Montchavin kwenye milima ya Alps, Ufaransa. Kilichowaunganisha ni kwamba walikuwa na desturi ya kula Gyromitra. Uhusiano huo bado haujathibitisha chanzo, lakini kwangu mimi umetosha kufunga mjadala.

Kuna na wa tatu, Phallus impudicus, ambao ukishaoshwa na mvua au kulambwa na nzi ute wake wote, kofia hubaki na vishimo vyeupe na mtu kwa mbali anaweza kudhani ni moreli iliyopauka. Ukiukaribia pua itakujulisha. Chini ya shina pia kuna mfuko laini uliobaki kutoka kwenye yai lake. Nenda zako.

Sasa tuseme kisu kimesema ndiyo, na una moreli tupu mezani. Swali linalofuata ni zimetoka wapi, na hapa ndipo naona hata waokotaji wa muda mrefu wakipita haraka.

Moreli hutafutwa majira ya kuchipua, udongo unapopata joto. Mimi hubeba kipimajoto cha udongo na kukizamisha kiasi cha kidole; kikisoma karibu nyuzi 10, naanza kuinama. Kaskazini mwa ikweta miteremko inayotazama kusini hupata jua zaidi na hutangulia, kisha siku zinavyosogea unahamia upande wa kaskazini na kupanda juu zaidi mlimani. Msimu wa mteremko mmoja ni mfupi, lakini ukijua kulifuata joto unaurefusha. Halafu unatazama miti kabla ya kutazama chini. Moreli za njano hupenda miti ya Fraxinus, ambayo ni ndugu wa mzeituni, na hupenda sana miti ya Ulmus (elm kwa Kiingereza) inayokufa kwa ugonjwa unaosambazwa na mbawakavu wa magome. Mti ambao umekufa karibuni, gome limeanza kuachia lakini halijaanguka lote, huo naufuata hata kama upo ng'ambo ya kijito. Ukishabaki mweupe, mkavu, bila gome, mara nyingi wakati wake umepita.

Halafu kuna misitu iliyoungua. Katika misitu ya misonobari na jamaa zake, majira ya kuchipua yanayofuata moto mkubwa huleta moreli kwa wingi usioelezeka; kuna spishi ambazo karibu hazionekani isipokuwa baada ya moto. Nimewahi kutembea katika majivu meusi na kuona vichwa vyake vimejipanga kando ya magogo, na bado kila nikikumbuka nasikia furaha. Lakini msitu ulioungua ni mahali pa hatari kwa namna yake. Miti iliyosimama imekufa na huanguka upepo mdogo ukivuma. Mizizi iliyoungua chini ya ardhi huacha mashimo yaliyofunikwa na majivu. Naenda siku isiyo na upepo, na siendi peke yangu. Mara nyingi pia kuna sheria: msitu una mwenyewe, na wapo wanaotaka kibali au kuweka kikomo cha kiasi. Uliza kabla ya kuingia.

Udongo. Moreli hunyonya vilivyomo ardhini, na mashamba ya zamani ya mitufaha ni mfano ambao kila mwokotaji angepaswa kuujua. Mashamba hayo yanasifika kwa moreli. Lakini tangu mwishoni mwa karne ya 19 mpaka katikati ya karne ya 20, wakulima wa matufaha huko Amerika Kaskazini na kwingineko walipulizia miti yao arsenati ya risasi, sumu yenye madini ya risasi na aseniki, kuua viwavi. Risasi na aseniki haziozi. Zimebaki katika tabaka la juu la udongo, pale pale moreli inapoishi, miongo mingi baada ya mkulima kufa na uzio kuanguka. Hakuna kuosha wala kupika kunakoondoa metali nzito. Kwa hiyo shamba la kale la mitufaha, hata liwe zuri namna gani, mimi napita na kwenda mbele. Vivyo hivyo kando ya reli, kando ya barabara kubwa, chini ya nguzo za umeme ambapo dawa ya magugu hupigwa, na kwenye bustani zilizowekwa vipande vya magome ambavyo hujui vilikotoka. Kwenye vipande hivyo moreli huweza kuchomoza ghafla na kwa wingi, na watu hufurahi kwa sababu ni nje ya mlango. Ningetaka kujua historia ya lile gome kwanza.

Umri nao. Moreli nzuri ni imara, inarudi kidogo ukiibonyeza, na harufu yake ni ya udongo wenye unyevu na kokwa. Ikishakuwa laini na yenye utelezi, kingo zinakatika zenyewe, ina ukungu au harufu ya kuoza, umechelewa. Ukila uyoga uliooza, bakteria watakuumiza hata kama spishi ni sahihi, na sidhani kuna huzuni kubwa katika kuuacha pale udondoshe spora zake. Ndani ya uwazi wa moreli huishi wadudu wengi: sisimizi, konokono wadogo wasio na gamba, vidudu vinavyorukaruka. Hii ni sababu nyingine ya kuzipasua zote. Huzipiga brashi kwanza, kisha nazisuuza haraka kwa maji baridi muda mfupi kabla ya kupika. Kuziloweka saa nyingi kwenye maji ya chumvi sikupendi, zinanyonya na kupoteza ladha.

Mfuko wa plastiki ni adui. Moreli zinapumua, zinatoa maji, na ndani ya plastiki yenye jua zinaanza kuharibika kabla hujafika nyumbani. Tumia kikapu, au mfuko wa karatasi au wa kitambaa cha wavu. Na usichanganye. Kama umeona kitu usichokijua na unataka kwenda kukichunguza, kiweke chombo chake peke yake, ukiwa umekichimbua mzima na sehemu ya chini.

Sasa moto. Hapa ndipo ningeomba msomaji asome taratibu.

Mnamo mwaka 2023, katika mji wa Bozeman, Montana, nchini Marekani, watu 51 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula moreli kwenye mgahawa mmoja. Wachunguzi walitazama uyoga ule. Ulikuwa moreli za kweli. Ulikuwa umelimwa, na kuagizwa kutoka China, kwa hiyo hakuna mwokotaji wa kulaumiwa kwa kukosea spishi. Walitafuta viuatilifu, metali nzito na vimelea, hawakukuta cha kueleza kilichotokea. Kilichojitokeza ni upishi: siku fulani moreli zilimwagiwa mchuzi wa moto tu, siku nyingine zilitolewa mbichi kabisa, na waliokula mbichi ndio walioumia zaidi. Si mara ya kwanza. Vancouver, Kanada, mwaka 1991, katika karamu ya watu 483, watu 77 waliugua baada ya kula saladi iliyokuwa na moreli mbichi.

Moreli mbichi ina sumu. Sumu yenyewe bado haijatambuliwa kikamilifu, lakini joto la kutosha huipunguza sana, na hilo ndilo msingi wa mlo wote. Mimi hupika hivi: naweka moreli zilizopasuliwa kwenye kikaango kikavu kwa moto wa wastani, dirisha likiwa wazi, zinatoa maji yake, naacha yachemke mpaka yakauke, ndipo naongeza siagi na chumvi na kuendelea. Tangu maji yalipoanza kuchemka sipunguzi dakika 15. Kuna wapishi wanaolalamika kwamba moreli ikipikwa hivyo inapoteza utamu. Sikubaliani nao hata kidogo. Ladha ya moreli huzidi kukolea kadiri maji yanavyotoka, na kingo zikianza kuwa na rangi ya dhahabu jiko zima linanukia. Kama mapishi yanasema "pitisha motoni dakika mbili", yaache mapishi hayo.

Hata ikipikwa vizuri, kiasi kina maana. Vituo vya sumu vya Ufaransa vilipitia taarifa za kuanzia 1976 hadi 2006 na kukuta visa 129 vya watu waliokula moreli wakapata kizunguzungu, kutetemeka, kuyumba, au kuona ukungu machoni, kawaida saa 12 hivi baada ya kula. Kula kwa wingi kulijitokeza mara nyingi katika visa hivyo, na baadhi ya waathirika walikuwa wamezipika ipasavyo. Wengi wao walipona wenyewe. Kwa hiyo sahani yangu ni ndogo, na sirudii kesho yake hata kama kikapu kimejaa. Anayekula kwa mara ya kwanza nampa vipande viwili vitatu, bila pombe, kwa sababu kuna watu ambao moreli na pombe kwa pamoja huwasumbua tumbo vibaya. Siku hiyo asile uyoga mwingine wowote, ili akijisikia vibaya tujue nini kimemfanya. Watoto wadogo siwapi. Mbwa nao wasipewe. Huzila mbichi bustanini na kuugua.

Kila ninapopika naacha uyoga mmoja mbichi, mzima, kwenye karatasi ndani ya friji mpaka siku ya pili ipite. Mtu akiugua, uyoga ule unakwenda naye hospitali pamoja na maelezo ya saa aliyokula na saa dalili zilipoanza. Daktari hawezi kukisia kutoka kwenye sufuria iliyooshwa. Kama dalili zimechelewa saa sita au zaidi, usisubiri kuona zitaishaje. Dalili zinazochelewa huweza kuwa ishara ya sumu za ini. Kwa Gyromitra, hospitali hutumia vitamini B6 kuzuia degedege, lakini lazima mtu aseme kwamba Gyromitra inaweza kuwa ndiyo iliyoliwa. Usione aibu kusema.

Zilizozidi nazikausha. Nazipasua, nazitungia uzi au kuzipanga kwenye wavu wa kikaushio kwa joto la chini mpaka zivunjike mkononi kwa sauti, kisha chupa iliyofungwa vizuri, gizani. Hukaa mwaka na zaidi. Kukausha si kupika. Moreli kavu iloweke maji ya uvuguvugu nusu saa, kisha uipike kwa muda ule ule kama mbichi. Maji ya kuloweka, ambayo ni mazuri sana kwa mchuzi, yachuje mchanga na uyachemshe pia. Kuna watu wanasaga moreli kavu na kunyunyiza unga juu ya chakula kilichokwisha iva. Huo ni uyoga mbichi kwa sura nyingine.

Na mgeni akija, namwambia kabla hajakaa mezani: hizi ni moreli za msituni, nimezikata zote, zimetoka mteremko fulani, zimepikwa hivi. Namuuliza kama amewahi kula, kama ana tatizo la ini, kama kuna dawa anatumia. Wengine hukubali, wengine hutaka kwanza kuona ule mmoja uliobaki kwenye friji, na mimi hufurahi kuutoa. Akisema hapana, kuna sufuria nyingine jikoni.